Unakitaka chuo kile kile, unataka saikolojia: mwongozo kamili wa kuomba bila kukwama pale wengine wanapokwama

Stori inayorudi ni ile ile. Mtu ana chuo chake kimoja amekipenda, anataka saikolojia pale pale na sio kwingine, anaomba, anakataliwa, mwaka unaofuata anaomba tena kwa karatasi zile zile na barua ile ile alafu anashangaa jibu nalo limekuwa lile lile. Nimesoma barua kibao za waliokwama hivi na wengi wao matokeo wala sio mabaya. Shida ni kwamba chuo wamekijua kwa picha za majengo, orodha ya masomo hawajaifungua, na kwenye barua wanaeleza walivyo na moyo wa huruma wakati anayesoma anatafuta mtu atakayekaa na takwimu miaka mitatu minne bila kukimbia.

Fuata kwa mpangilio. Hatua ya 1 mpaka ya 3 usiziruke hata kama unaona unazijua, manake hapo ndo watu wanapoharibu mapema bila kujua.

## Vya kuwa navyo mkononi kabla hujaanza

- Vyeti na transkripti zako zote, zimeskaniwa vizuri, kila moja na faili lake la PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako hiyo sio skani.
- Pasi ya kusafiria kama chuo kiko nje ya nchi yako. Lilinganishe jina la kwenye pasi na la kwenye vyeti, herufi kwa herufi. Kama yanatofautiana anza kulishughulikia leo kisheria, hili jambo linakula wiki nyingi na hakuna mtu atakayekuonea huruma dedlaini ikifika.
- Imeili yenye jina lako la kweli, sio ile uliyoifungua ukiwa na miaka 13.
- Ukurasa wa kozi yenyewe wa mwaka unaotaka kuingia, umeuhifadhi kwenye kompyuta. Vigezo hubadilika kila mwaka, na ukurasa wa mwaka juzi bado unaelea kwenye intaneti ukidanganya watu.
- Walimu wawili watatu waliokufundisha na wanaokukumbuka.
- Jedwali, la kwenye kompyuta au la daftarini, vyovyote.
- Muda. Miezi 10 hadi 12 kabla ya masomo kuanza ndo salama, na kwa chuo cha nje chenye viza na skolashipu bora iwe zaidi ya hapo.

## Hatua ya 1: Jua unataka kuja kuwa nani, alafu urudi nyuma

Kabla ya chuo, kamilisha sentensi hii: "Miaka kumi ijayo nataka niwe nafanya kazi ya..." Usiandike "saikolojia", hilo ni somo. Andika kazi.

Sababu ni kwamba digrii ya kwanza ya saikolojia peke yake, sehemu nyingi duniani, haikufanyi kuwa mwanasaikolojia wa tiba. Ni mlango tu. Kwa mfano Uingereza, wanaotaka kuja kutibu wanahakikisha digrii yao ina ithibati ya British Psychological Society, alafu wakishamaliza wanapambana kuingia programu ya uzamivu ya saikolojia ya tiba inayochukua miaka mitatu. Marekani nako American Psychological Association (APA) inatoa ithibati kwa programu za uzamivu, digrii ya kwanza haiigusi kabisa, kwahiyo ukikutana na chuo au wakala anayekuuzia "digrii ya kwanza yenye ithibati ya APA" funga ukurasa uende zako.

Na kama unachotaka ni kuandika dawa, sehemu nyingi hapo uko njia nyingine kabisa. Daktari wa magonjwa ya akili anasoma udaktari wa binadamu kwanza. Kila mwaka kuna mtu anayegundua hili akiwa mwaka wa pili.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumweleza mtu kwa dakika moja kazi unayoitaka, vyeti inavyodai katika nchi unayotaka kufanyia kazi, na digrii hii inakaa wapi kwenye hiyo ngazi.

## Hatua ya 2: Kichambue chuo kwa masomo yake

Fungua orodha ya masomo ya kila mwaka. Kozi ya saikolojia iliyokamilika utakuta ina mbinu za utafiti na takwimu, saikolojia ya ubongo na mwili, ya utambuzi (kumbukumbu, usikivu, lugha), ya ukuaji, ya jamii, na ya tofauti kati ya mtu na mtu, alafu mwaka wa mwisho kuna tasnifu unayoifanya mwenyewe na data zako. Takwimu usizipite haraka. Zinakaa humo mwaka hadi mwaka, na utafundishwa kutumia programu kama SPSS au R utake usitake.

Sasa jiulize kwa ukweli: ukiondoa jina la chuo, hii orodha bado unaitaka?

Kama ndiyo, tafuta vitu viwili vitatu ambavyo chuo hiki kinavyo na vingine havina. Labda kuna maabara ya usingizi, labda mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini katikati ya kozi, labda mhadhiri fulani anachunguza watoto wanavyojifunza lugha mbili kwa pamoja. Soma hata muhtasari wa makala yake moja. Hivi vitu ndo utakavyovitumia baadaye kujibu swali la "kwanini hapa", na bila hivyo utaishia kuandika kwamba chuo kina sifa kubwa duniani, jambo ambalo wao wenyewe wanalijua.

Angalizo juu ya majina. BA (digrii ya sanaa) na BSc (digrii ya sayansi) zisikutishe wala zisikudanganye. Oxford wanaita digrii yao ya saikolojia ya majaribio BA na ni sayansi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakati kuna vyuo BA na BSc zinatofautiana kweli kwa kiasi cha hisabati na maabara. "Saikolojia na ushauri nasaha" nayo inaweza isiwe na ithibati ile ile ya "saikolojia" tupu hata kama zote ziko jengo moja. Soma yaliyomo, jina liache.

## Hatua ya 3: Vigezo, mstari kwa mstari

Chora safu tatu: wanachotaka, nilicho nacho, pengo. Jaza kila kitu mpaka vile vidogo.

Tofautisha "lazima" na "inapendelewa". Ukikosa cha lazima, barua nzuri namna gani haikusaidii, mfumo unakutoa kabla mtu hajaisoma. Kwenye saikolojia kinachoangusha watu sanasana ni hisabati: mtu amesoma masomo ya sanaa, ana alama safi kabisa, ila hisabati ya sekondari alipata chini ya kiwango na hakuona kama itamfuata mpaka huku.

Alafu kiwango cha chini maana yake ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni. Saikolojia inaombwa na watu wengi sana, na waliochukuliwa mara nyingi wako juu ya kile kiwango. Kama chuo kinachapisha alama za waliodahiliwa miaka iliyopita, jipime na hizo.

Kwa mtihani wa Kiingereza kuna mtego wa kijinga unaomeza hela za watu. IELTS iko ya Academic na iko ya General Training, na vyuo vinataka ya Academic. Watu wanajisajili, wanalipa, wanafanya ile nyingine kwasababu nafasi yake ilikuwa karibu. Matokeo ya IELTS na TOEFL pia yanahesabika miaka miwili tu, kwahiyo ukifanya mapema mno ukaahirisha, utarudia.

Ukikuta pengo, lina njia zake. Kurudia somo moja, mwaka wa matayarisho ambao vyuo vingi vinao, diploma inayotambuliwa na chuo hicho hicho, au kuanza chuo kingine ukahamia. Kinachoua ni kuliona pengo ukaliombea lisionekane.

Umefaulu kama safu ya tatu iko tupu, au kila kilichomo kina tarehe ya kukimaliza.

## Hatua ya 4: Waulize wenyewe, kwa imeili moja fupi

Kama kuna kitu kwenye vigezo hukielewi, usiulize kwenye magrupu. Watu wa magrupu wanajibu kwa kujiamini sana na hawakai ofisi ya udahili. Andika hivi:

"Habari. Naomba kuingia BSc ya Saikolojia mwaka ujao wa masomo. Ukurasa wenu unataka hisabati ya sekondari 'au inayolingana nayo'. Nimeambatanisha cheti changu chenye hisabati. Je, kinakidhi? Asante."

Swali moja, kozi imetajwa, ushahidi umeambatanishwa. Mtu wa udahili analijibu kwa dakika mbili. Ukimwandikia aya sita za maisha yako alafu swali likajificha aya ya tano, utasubiri. Jibu likija lihifadhi, kuna siku mtu mwingine wa ofisi hiyo hiyo atakwambia tofauti na utahitaji kumwonyesha.

## Hatua ya 5: Hela, kabla moyo haujazama zaidi

Piga hesabu ya kozi nzima. Ada mara miaka yote, makazi, bima ya afya, viza, usafiri, ada ya maombi yenyewe. Ongeza na masomo ya baada ya digrii ya kwanza kama hatua ya 1 ilikuonyesha yanahitajika.

Skolashipu mara nyingi zina dedlaini yake tofauti na inaweza kutangulia ya udahili, wakati mwingine kwa miezi. Ukisubiri upate nafasi kwanza ndo uanze kutafuta hela, unakuta dirisha limefungwa kitambo. Na wakala anayekuhakikishia nafasi kwa malipo anakuuzia kitu asichokuwa nacho, anayeamua ni chuo.

## Hatua ya 6: Barua. Hapa tukae kidogo

Jua kwanza barua yako inakwenda kwa nani, hili linawaponza haswa nyie wa chuo kimoja. Ukiomba Uingereza kupitia UCAS, mfumo mmoja wa kuombea vyuo vya huko, unaruhusiwa kuchagua hadi kozi tano, na barua moja ile ile ndo inasomwa na vyuo vyote ulivyochagua. Ukijaza sifa za chuo unachokipenda humo, vingine vyote vinasoma barua ya mapenzi ya mtu mwingine. Kule unaandika kuhusu somo, kwa herufi zisizozidi 4,000 pamoja na nafasi, na kuanzia walioomba kuingia 2026 imegawanywa maswali matatu. Marekani ni kinyume chake: insha kuu ya Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya huko, ina kikomo cha maneno 650 na inakuhusu wewe, alafu vyuo vingi vinaongeza kijiswali chao cha kwanini hapa, na hapo ndo unamwaga yale uliyoyakuta hatua ya 2.

Haya, yaliyomo. Mambo mawili yanayoandikwa na karibu kila mtu: "napenda kusaidia watu, marafiki zangu wananiambia mimi ni msikilizaji mzuri", na hadithi ndefu ya maumivu yao wenyewe.

Mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha matokeo ya kuwauliza wenyeviti wa udahili wa programu za uzamili na uzamivu za saikolojia Marekani nini kinawaharibia waombaji. Katika barua binafsi yalitajwa haya haya: kueleza matatizo yako ya afya ya akili, kujianika kupita kiasi, na huruma iliyopitiliza. Hiyo ni ngazi ya juu na wa digrii ya kwanza wanasamehewa zaidi, ila mantiki haibadiliki. Kupitia magumu sio aibu hata kidogo. Ila msomaji wa barua hana namna ya kujua kama kidonda kimepona, na wala sio mtabibu wako. Kama ulichopitia ndo kilichokuleta kwenye somo, kipe sentensi moja, alafu sentensi zinazofuata zielekee kwenye ulichokwenda kujifunza baada ya hapo.

Na hao marafiki wanaosema unasikiliza vizuri, waache nyumbani. Kusikiliza ni tabia njema, hata kinyozi anayo.

Kinachofanya kazi ni kuonyesha umekutana na saikolojia yenyewe ukabishana nayo. Tazama aya hii niliyoitunga kama mfano:

"Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, wakawauliza magari yalikuwa kwenye kasi gani. Walioulizwa kwa neno 'yalipondana' walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, walioulizwa kwa neno 'yaligongana' wakasema 34. Nilishtuka, kisha nikajiuliza kama mtu aliyeiona ajali barabarani, mwenye hofu, angeyumbishwa na neno moja kama aliyekaa akitazama filamu. Nikakuta kwamba Yuille na Cutshall mwaka 1986 waliwahoji mashahidi 13 wa tukio la kweli la kupigana risasi nchini Kanada, miezi minne mitano baadaye, na maswali ya mtego hayakuwababaisha kirahisi. Nataka kujua tofauti hiyo inatoka wapi."

Hakuna neno "shauku" hata moja na bado unaiona. Kuna jaribio, kuna namba, kuna shaka, kuna kwenda kutafuta, kuna swali lililobaki wazi. Sasa usiikopi hii, kila mtu akiikopi itakuwa takataka mwezi ujao. Tafuta jambo lako, fuata nyayo hizo.

Tahadhari ndogo juu ya mifano maarufu. Jaribio la gereza la Stanford la 1971, lile la vijana walioigizishwa walinzi na wafungwa, limekosolewa vikali sana, ukiliandika kama ukweli usio na doa unajionyesha umeishia kwenye video za dakika kumi. Freud naye sio saikolojia yote, unaweza kumaliza vyuo vingi ukakutana naye wiki moja tu. Na ukitaka kuonyesha uko macho, uujue mradi mkubwa wa 2015 uliorudia tafiti 100 za saikolojia: katika zile za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu (yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu), zilizorudiwa ni asilimia 36 tu. Mwombaji anayeweza kuongelea hilo kwa utulivu, bila kusema basi saikolojia ni uongo, anakumbukwa.

Kujitolea na kazi nazo weka, ila sema ulichokiona humo. "Nilijitolea kituo cha watoto miezi sita" ni tarehe tu. Mtoto gani (bila jina), alifanya nini kilichokushangaza, na ulielewaje baadaye, hiyo ndo barua.

Umefaulu kama ukifuta jina lako, mtu anayekujua bado anajua ni wewe umeandika. Ukiisoma ukaona ingeweza kuwa ya mtu yeyote, rudi.

## Hatua ya 7: Walimu wa kukuandikia

Waombe kama wiki sita kabla na uwape kifurushi: kozi unayoomba, dedlaini, namna ya kutuma, na mambo mawili uliyowahi kufanya darasani kwake ili asibaki na "ni mwanafunzi mwenye nidhamu". Mwalimu wa hisabati au sayansi anayekujua ana uzito kuliko mkubwa fulani asiyekujua. Mkumbushe mara moja wiki mbili kabla, kwa adabu, ukizidisha unageuka kero.

## Hatua ya 8: Kutuma

Tuma siku tatu nne kabla ya mwisho. Mifumo hulemewa dakika za mwisho, malipo yanagoma, na saa ya dedlaini inaweza kuwa ya nchi ya chuo, sio ya kwako.

Faili ziite kwa jina lako na aina ya hati. Kila ulichopakia kifungue tena humo humo kwenye mfumo uone kama ndo chenyewe, nimeona mtu amepakia transkripti ya kaka yake na hakujua mpaka alipoulizwa. Piga skrinishoti ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya maombi.

Umefaulu kama una namba, una imeili ya kuthibitisha, na walimu wamesema wameshatuma.

## Hatua ya 9: Ukisubiri, na majibu yakija

Angalia imeili kila siku mpaka kwenye spam. Baadhi ya vyuo huita kwenye usaili, na kwenye saikolojia wanapenda kukupa grafu au madai ufikirie kwa sauti. Mfano: watoto wanaolala kidogo wana alama za chini, je usingizi ndo sababu? Usikimbilie kusema ndiyo. Labda nyumbani kuna kelele au shida inayoharibu vyote viwili, labda mtoto anayeshindwa masomo ndo anakosa usingizi kwa wasiwasi. Wanataka kuona unavyochambua, kwahiyo kukaa kimya sekunde kumi ukiwaza hakuna ubaya.

Ukipata ofa yenye masharti, yaandike masharti ukutani, hujaingia bado. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, jibu kwamba bado unataka na uwapelekee matokeo mapya kama yapo.

Ukikataliwa, omba sababu, baadhi ya vyuo wanatoa. Kabla ya kuomba tena lazima kitu kiwe kimebadilika kwenye safu ya tatu au kwenye barua. Na ndo maana tangu mwanzo uombe na vyuo vingine viwili vitatu vyenye kozi ya aina hiyo hiyo, najua hutaki kusikia, ila kuna njia ya kuanzia kwingine na kuhamia, au kwenda kwenye chuo chako kile kwa uzamili. Ukiichukua hiyo njia, tunza silabasi ya kila somo utakalosoma, yenye mada, saa na vitabu, manake chuo unachohamia kitalinganisha somo kwa somo na somo lenye jina tu bila silabasi hawalihesabu.